Jengo Bila Askari Halilindi Mtu

Hii ni hotuba iliyotolewa katika kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ya wadi. Mzungumzaji ni mfanyabiashara wa nafaka sokoni, na ndiye anayewakilisha wafanyabiashara katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Tunaichapisha kwa sababu wakazi wa wadi nyingine wameuliza swali hilo hilo.



Sitazungumza kama mtaalamu wa sheria wala kama afisa wa serikali. Wengi wenu mnanijua kwa gunia la maharagwe na kipimo cha kilo mbili. Nimeuza nafaka katika soko hili miaka 19. Nafungua saa kumi na moja alfajiri, na kama ninyi, nimepita mara nyingi katika kile kichochoro kilicho nyuma ya shule nikiwa nimeshika pesa kiunoni na roho mkononi. Mwaka jana nilinyang'anywa mkoba pale pale. Kwa hiyo nikizungumzia usalama, sizungumzi habari za kusikia.

Nimesoma mapendekezo mliyoandika. Pendekezo lililotajwa mara nyingi kuliko yote ni hili: fedha za wadi za mwaka ujao wa fedha zijenge kituo kidogo cha polisi kando ya soko. Naelewa kabisa mnatoka wapi. Mtu aliyeibiwa mara tatu hataki maelezo marefu, anataka kuona askari. Lakini naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa maana nimekuja kuwaambia jambo ambalo pengine si tamu. Tukijenga jengo hilo sasa, kabla ya kupata ahadi ya askari, tunaweza kubaki na jengo tu.

Tuanze na swali la msingi. Polisi ni wa nani?

Katiba yetu ya mwaka 2010 iligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Mgawanyo huo uko katika Jedwali la Nne. Kazi ya polisi imewekwa upande wa serikali ya kitaifa. Kuajiri polisi, kuwafunza, kuwapandisha cheo, kuwahamisha na kuwalipa mshahara ni mambo ya kitaifa, chini ya Inspekta Jenerali na Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Vijana wetu wakichukuliwa hupelekwa Kiganjo na vyuo vingine vya polisi, na wakihitimu hupangiwa kazi popote nchini. Gavana hawapangii. Bunge la kaunti haliwapangii. Mheshimiwa Mwakilishi wetu hapa hana askari hata mmoja wa kututumia.

Kifungu cha 245 cha Katiba kinakwenda mbali zaidi. Kinasema hata waziri wa usalama, ambaye anaweza kumpa Inspekta Jenerali mwongozo wa sera, hawezi kumwelekeza amwajiri nani, ampange nani wapi, amchunguze nani au amfukuze nani. Wakenya waliweka hivyo kwa makusudi, kwa sababu walikuwa wameona wanasiasa wakiwatumia polisi kama askari wao binafsi. Ni kinga nzuri. Lakini maana yake kwetu ni kwamba mtu akisimama jukwaani wakati wa kampeni akaahidi kwamba akichaguliwa gavana ataleta askari 20 katika soko hili, anaahidi kitu ambacho hana.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili? Kwa sababu nimeona matokeo ya kulisahau. Katika wadi moja ambayo sitaitaja, wananchi waliomba kituo kama tunavyoomba sisi. Jengo likajengwa, likapakwa rangi, likazinduliwa kwa ngoma na soda. Askari hawakuja. Hakuna aliyekuwa amekubaliana na uongozi wa polisi kuhusu idadi ya maafisa, wala mahali watakapolala, wala maji, wala gari. Nilipopita huko mara ya mwisho, mbuzi walikuwa wamelala barazani na vioo viwili vilikuwa vimevunjwa. Wezi wa pale hawakusumbuka hata kidogo. Jengo lenyewe ndilo lililoibiwa.

Sasa mtaniuliza: kama polisi si wa kaunti, tumekuja hapa kufanya nini? Tumekuja kwa sababu usalama si askari peke yake, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni ya kaunti.

Rudini kwenye Jedwali lile lile la Nne, upande wa kaunti. Mtakuta barabara za kaunti na taa za barabarani. Mtakuta leseni za pombe. Mtakuta udhibiti wa dawa za kulevya. Mtakuta huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Mtakuta masoko na leseni za biashara. Haya yote yanaamuliwa hapa, kwa fedha ambazo tuna haki ya kuzisemea.

Tuyapitishe mbele ya soko letu moja moja.

Taa. Soko letu lina mulika mwizi moja, na kila mtu hapa anajua kwamba haijawaka tangu msimu wa mvua uliopita. Upande wa kichochoro cha shule hakuna taa kabisa. Wengi wa walionyang'anywa mali ambao nimezungumza nao walivamiwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, au baada ya saa moja jioni, katika sehemu hizo mbili. Najua mtasema taa huwekwa leo na kuzimika kesho. Mnasema kweli, na kosa hilo ni letu sote tunaopanga bajeti. Tunaweka fedha za kusimamisha nguzo, hatuweki fedha za kulipa umeme wala za fundi. Kwa hiyo tusiombe taa tu. Tuombe taa, bili ya umeme na matengenezo, kila kimoja kikiwa na mstari wake katika bajeti.

Njia. Kichochoro kile kimebanwa na vibanda ambavyo vimetoka nje ya mpaka, na nyasi zimemea hadi kiunoni. Kufungua njia hakuhitaji Inspekta Jenerali. Kunahitaji sisi wafanyabiashara kukubali kurudisha vibanda vyetu nyuma, nikiwemo mimi, na kaunti kufyeka na kumwaga changarawe. Pia gari la zimamoto haliwezi kuingia sokoni jinsi tulivyojipanga sasa. Moto ukizuka usiku, tutahesabu hasara inayozidi ya wezi wote wa mwaka mzima.

Baa. Kuna baa katika barabara hii zinazouza pombe tangu asubuhi, na moja iko karibu na lango la shule. Leseni za pombe hutolewa na kaunti, na wakazi wana haki ya kupinga leseni kabla haijatolewa au kuhuishwa. Ni wangapi kati yetu wamewahi kupeleka pingamizi la maandishi? Tunalalamika tukiwa kwenye kiti cha bodaboda, kisha leseni inahuishwa kimya kimya.

Askari wa kaunti. Hapa niseme wazi ili pasiwe na mkanganyiko. Askari wa kaunti, ambao wengine huwaita kanjo, si polisi. Kazi yao ni kusimamia sheria za kaunti: usafi, uegeshaji, leseni, mpangilio wa soko. Wanaweza kuhakikisha njia iko wazi na lango la soko linafungwa kwa saa yake. Lakini tusiwatarajie wakabiliane na majambazi, na wao wasijifanye polisi mbele ya mama mboga.

Sasa nije kwenye Mamlaka ninayotumikia, kwa sababu wengi hawajui kwamba ipo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 41, inasema kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mwanachama wa kamati yake kuu aliyemteua. Ndani yake wamo wakuu wa polisi na wa upelelezi katika kaunti, wawakilishi wawili waliochaguliwa kutoka bunge la kaunti, na wananchi wa kawaida wanaowakilisha wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, viongozi wa dini na vijana. Mimi ni mmoja wao. Kwa miaka mingi baada ya sheria kupitishwa, kaunti nyingi zilikaa bila Mamlaka hii, na magavana na makamishna wa kaunti wakawa wanavutana kuhusu nani mwenye sauti katika usalama. Mwananchi ndiye aliyeumia katikati.

Mamlaka hii haimwamuru polisi. Haiwezi kusema askari fulani akamatwe au ahamishwe. Lakini inapendekeza vipaumbele na malengo ya kazi ya polisi katika kaunti. Inafuatilia mwenendo wa uhalifu, hasa ule unaowaumiza wanawake na watoto. Inakuza ulinzi wa jamii. Inapokea maoni ya wananchi kuhusu polisi na kuyafikisha kwa Inspekta Jenerali na kwa Tume. Kwa maneno mengine, hapo ndipo ombi letu la askari zaidi linapostahili kupitia, kwa maandishi, likiwa na ushahidi.

Ushahidi. Hapo ndipo tatizo letu kubwa lilipo, na naomba tusionee aibu kuliangalia.

Katika kikao changu cha kwanza nilisimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba soko letu limekuwa pango la wezi na tunahitaji doria kila alfajiri. Nikaulizwa swali moja kwa upole: ripoti ziko wapi? Kitabu cha matukio cha kituo kinachotuhudumia hakikuonyesha chochote cha kutisha. Ukikisoma, ungedhani sisi ni wadi ya malaika. Nilirudi hapa nikazunguka mstari wa nafaka, wa mboga na wa mitumba. Walioibiwa walikuwa wengi. Waliokwenda kuandikisha ripoti niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na niseme ukweli wote: mimi mwenyewe niliponyang'anywa mkoba, sikuripoti. Nilisema, nitapoteza siku nzima, na mkoba haurudi.

Sasa fikiria kamanda ana maafisa wachache na gari moja. Upande huu kitabu kiko tupu, upande ule kimejaa. Atawapeleka wapi? Kila mara tunaponyamaza, tunaandika barua ya kusema kwamba hatuhitaji askari.

Najua kwa nini watu hawaendi. Kuna wanaoogopa kwamba mwizi ataambiwa nani aliyemtaja. Kuna waliowahi kuzungushwa au kuombwa kitu kidogo. Siwezi kuwaambia hayo hayatokei. Ninachowaambia ni hiki. Kuandikisha ripoti hakulipiwi. Una haki ya kupewa nambari ya OB, na usiondoke bila kuiandika. Ukiombwa pesa, ukidhulumiwa au ukipigwa na afisa, iko Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi tunaijua kama IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa kazi hiyo hasa. Anayeogopa kwenda peke yake, tumekubaliana na mwenyekiti wa soko kwamba kutakuwa na watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kumsindikiza. Dharura inapotokea, nambari ni 999 au 112.

Nigusie jambo moja gumu kabla ya kumaliza. Askari wakichelewa, tuna tabia ya kujigeuza askari, hakimu na mnyongaji kwa dakika tano. Mnakumbuka kijana aliyepigwa hapa karibu na kituo cha bodaboda kwa sababu mtu alipiga kelele ya mwizi. Baadaye ikajulikana alikuwa anakimbilia gari. Leo anatembea kwa mkongojo. Sheria inaruhusu kamati za ulinzi wa jamii, na mpango wa Nyumba Kumi tumekuwa nao tangu 2013. Kazi ya kamati hizo ni kujuana, kutoa habari na kuketi na polisi. Hazikuundwa kupiga mtu. Kila anayechomwa au kuvunjwa mguu bila mahakama anatuongezea hofu, na mwizi halisi yuko nyumbani anakula.

Kuna waliouliza kwa nini kaunti isiwanunulie polisi gari. Imewahi kufanyika. Machakos, chini ya gavana wake wa kwanza Alfred Mutua, iliwanunulia polisi magari ya doria, na nchi nzima ikayaona. Kaunti na serikali ya kitaifa zinaruhusiwa kushirikiana. Lakini kabla ya kuiga, tuulize: mafuta yatalipwa na nani mwaka wa tatu? Matairi? Gari likihamishwa na kamanda kwenda kwingine, tutamdai nani? Bila makubaliano ya maandishi, tutakuwa tumenunua jengo jingine, ila hili lina magurudumu.

Basi pendekezo langu ni hili, na ninyi ndio wenye kuamua.

Kwanza, fedha za wadi za mwaka ujao ziende kwenye mambo yaliyo mikononi mwa kaunti: kutengeneza mulika mwizi iliyokufa, kuweka taa katika kichochoro cha shule, kulipia umeme na matengenezo yake, na kufungua njia ya kutosha gari la zimamoto.

Pili, ombi la kituo cha polisi tusilitupe. Tuliandike. Litaje mahali, saa za uhalifu, nambari za OB, na idadi ya watu wanaotumia soko. Mimi nitalipeleka katika Mamlaka. Nakala iende kwa kamishna wa kaunti na kwa ofisi ya mbunge wetu, kwa sababu hazina ya maendeleo ya eneobunge ndiyo ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikijenga vituo vya polisi na ofisi za machifu. Wakati huo huo kaunti ithibitishe kwamba kile kipande cha ardhi kando ya soko ni cha umma na hakitauzwa kimya kimya.

Tatu, tusiweke jiwe la msingi hadi tuwe na barua ya uongozi wa polisi inayosema ni maafisa wangapi watakuja na lini. Huku tukisubiri, tuombe kitu kilicho chepesi zaidi kutoa: doria ya miguu kuanzia saa kumi alfajiri siku za soko.

Tunao muda, lakini si mwingi. Kisheria, waraka wa mikakati ya kifedha wa kaunti unatakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayekuja Juni na pendekezo jipya amekuja sokoni watu wakikunja mifuko. Fomu ziko kwa Msimamizi wa Wadi. Asiyejua kuandika aje, tutamwandikia, ataweka kidole gumba.

Najua kuna watakaoondoka hapa wakisema nimewapinga. Sijawapinga. Nataka kituo kama mnavyokitaka, na nataka kiwe na mtu ndani yake mchana na usiku. Mpaka siku hiyo, nataka binti anayeleta sukuma wiki saa kumi na moja alfajiri aone anapokanyaga, na nataka akiibiwa jina lake liwe kitabuni ili asidhaniwe hayupo.

Na mimi naanza. Jana nilikwenda kituoni nikaandikisha wizi wa mwaka jana. Afisa alishangaa, akaniuliza kwa nini sasa. Nikamwambia, mkoba haurudi, lakini hesabu irudi. Nambari ya OB ninayo hapa.

Sasa maswali.